Kufu: Kazi, Nasaba na Unyumba katika Ndoa za Pwani

Kufu ni ulingano wa hadhi kati ya mume na mke. Katika miji ya Waswahili, kuanzia Lamu hadi Unguja, posa nyingi zilikubaliwa au kurudishwa kwa kipimo hicho. Chimbuko lake ni fiqhi ya madhehebu ya Shafii, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani. Minhaj, kitabu cha Imam Nawawi cha karne ya 13, kinazipanga kazi kwa daraja: mfagiaji, mchungaji, mlinzi, mhudumu wa hamamu na anayeumika watu chuku hawamfai binti wa mshona nguo; mshona nguo hamfai binti wa mfanyabiashara; na wote hao hawamfai binti wa mwanachuoni au kadhi. Mali, kwa kauli iliyopewa nguvu kitabuni humo, haihesabiwi.

Uzito zaidi ulikuwa katika nasaba na uungwana, tena mizani yenyewe ilielemea upande mmoja. Muungwana aliweza kumweka suria, na watoto aliozaa naye wakawa waungwana kama baba yao. Mwanamke hakuwa na ruhusa ya kushuka, ila yeye na walii wake waridhie kwa pamoja. Utumwa ulipigwa marufuku Unguja na Pemba mwaka 1897, na pwani ya Kenya mwaka 1907, lakini wazao wa watumwa waliendelea kurudishiwa posa zao. Aliyebanwa hasa alikuwa mwari. Mwanamke aliyekwisha kuachwa alijichagulia kwa nafasi zaidi.

Mwaka 1970, chini ya Rais Abeid Amani Karume, wasichana wa asili ya Kiajemi Zanzibar waliozwa kwa nguvu kwa wakubwa wa serikali yake ya Mapinduzi, kwa hoja ya kuondoa ubaguzi. Ubaguzi ulikuwapo kweli, ila dawa hiyo ilikuwa dhuluma tupu.

Unyumba fiqhi iliuweka katika mlango wake. Mke akithibitisha kwa kadhi kwamba mumewe ni hanithi, yaani hana uwezo wa tendo la ndoa, mume hupewa muhula wa mwaka mmoja ili misimu yote impitie. Akishindwa, mke ana haki ya kuivunja ndoa. Kazi ya mume, basi, ilichunguzwa kabla ya nikaha, na uwezo wake wa kitandani baadaye.

Mapenzi ya jinsia moja yaliharamishwa kabisa na fiqhi, na Waingereza wakayafanya kosa la jinai kati ya wanaume. Hata hivyo yalikuwapo, na hadhi haikubaki nje ya mlango. Mwanaanthropolojia Gill Shepherd, aliyeandika kuhusu Mombasa mwaka 1987, alieleza kuwa cheo kilipita jinsia kwa uzito: basha au msagaji mwenye mali ndiye aliyetoa matunzo, na mwenzake asiye na kipato akayapokea. Wanawake wengi waliingia katika uhusiano huo baada ya kuolewa na kuachika, kwani bila ndoa ya kwanza mwanamke hakuhesabiwa mtu mzima. Kwa maelezo yake, mwenye mali na ukoo hakushushwa daraja kwa sababu ya mpenzi aliyemchagua.