UZI: Mzee asiye na hati ya mshahara na bima ya afya, 1966 hadi leo

1/ Siasa zikipamba moto hapa Eldoret, mmoja anasema "wazee wanatibiwa bure", mwingine "wazee wananyonywa". Kabla ya kutukanana, tuangalie tulikotoka.

2/ 1966: sheria ya NHIF inapita. Ilikuwa ya mwajiriwa anayepata 1,000 au zaidi kwa mwezi, anakatwa 20. Mkulima wa Moiben hakuwemo. Mpaka 1972 ndio waliojiajiri wakaruhusiwa kuingia, kwa hiari.

3/ 2004: Bunge likapitisha mswada wa bima kwa wote. Rais hakutia sahihi. Ukafia hapo.

4/ 2015: anayejilipia akapandishiwa kutoka 160 hadi 500 kwa mwezi. 2018: Inua Jamii ikaanza kuwapa wenye miaka 70 na zaidi, wasio na pensheni, 2,000 kwa mwezi.

5/ 1 Oktoba 2024: NHIF nje, SHIF ndani. Kiwango ni 2.75% ya mapato, lakini hakuna anayelipa chini ya 300. Asiye na mshahara anatakiwa kulipa mwaka mzima mara moja: angalau 3,600.

6/ Sasa hesabu. Mwajiriwa anakatwa 2.75%. Mama mzee anayeishi kwa ile 2,000 ya Inua Jamii, 300 ni 15%. Ndio, ni nafuu kuliko 500 ya zamani. Lakini mzigo si sawa.

7/ Na kiwango chake kinapangwa kwa maswali: nyumba ni ya nini, mifugo wangapi. Watoto wakimjengea nyumba ya mawe, anaonekana tajiri. Mfukoni je? Mahindi huvunwa mara moja tu kwa mwaka.

8/ Kwa hivyo nani anasema ukweli? Wote, nusu nusu. Zahanati na kituo cha afya ni bure ukishajisajili. Akilazwa Moi Referral, SHIF lazima iwe imelipwa.

9/ Sheria yenyewe inasema asiyejiweza alipiwe na serikali. Basi mwanasiasa akija na "bure", muulize: wazee wangapi wa wadi hii wamelipiwa, na orodha iko wapi?

Kama una mzazi nyumbani, angalia leo kama amelipiwa. Usingoje augue.