Tele mpya nyumbani Bukavu: angalia umeme, skrini na likilimba mbele ya kulipa

Ukipita Nyawera ao kwenye maduka ya avenue Patrice Lumumba, utaona tele kubwa zimewashwa, samaki wa rangi wanaogelea, na kartoni pembeni imeandikwa 4K, UHD, QLED, Smart. Picha inavuta kweli. Lakini samaki wale wanatoka kwenye USB iliyotengenezwa juu ya kuuza tele. Nyumbani Panzi ao Bagira, tele hiyo hiyo itakuta mambo mengine, na la kwanza ni umeme.

Muji wetu unapata umeme kutoka mto Ruzizi: Ruzizi ya kwanza ya mwaka 1958, na Ruzizi ya pili ya mwaka 1989 ambayo Kongo inagawana na Rwanda na Burundi. Maji yakipungua, ao chupa za plastiki zikiziba mitambo, SNEL inakata. (Chupa zile ni sisi wenyewe tunazitupa ziwani, tuseme ukweli.) Umeme unapaswa kuwa volti 220. Jioni, wakati kila nyumba inawasha rusho, unashuka. Ukirudi kisha kukatika unaweza kuruka juu ghafla, na kuruka kule njo kunaua tele. Kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma. Kama kimeandikwa 100-240V, tele itavumilia umeme ukishuka. Ukiruka juu, hakuna kibandiko kinachosaidia: unahitaji stabilizateri. Hesabu bei yake pamoja na bei ya tele, usiiache kwa «mwezi ujao». Na umeme ukikatika, chomoa, ngoja dakika chache kisha umeme kurudi, halafu chomeka.

Kibandiko hicho pia kinaonyesha wati. Kwa nyumba yenye jua na betri, hapo njo penye uamuzi. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina karibu saa-wati 1200, na betri ya kawaida ya asidi haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Tele ndogo ya wati 40 na dekoda ya wati 15 zitakwenda saa kumi hivi. Tele ya wati 110 na dekoda ile ile haifiki saa tano, na inverta nayo inakula yake. Mechi ya saa tatu usiku utaikosa kipindi cha pili.

Sasa skrini. Yale majina mengi yanarudi kwenye aina mbili. Ya kwanza ni LCD: skrini inayoangaziwa na taa kutoka nyuma. Taa hizo leo ni LED, ndiyo sababu inaitwa «tele ya LED». QLED ni ndugu yake: ni LCD ile ile yenye tabaka dogo la kuongeza nguvu ya rangi. Ya pili ni OLED, ambayo kila nukta inajitolea mwanga wake, kwa hiyo nyeusi inakuwa nyeusi kabisa. Ni nzuri sana, ni ya bei kali, na alama ya chaneli ikikaa pahali pamoja kila siku kwa muda mrefu inaweza kuacha kivuli. Kwa nyumba inayofungua chaneli moja ya habari kutoka asubuhi hadi usiku, mimi singeinunua.

4K ina nukta mara nne kuliko Full HD. Lakini dekoda nyingi tunazolipia hapa zinaleta HD, na kutazama 4K kwenye intaneti kunamaliza mega mbio. Kama sebule ni ndogo na tele ni ya pouces 32 ao 43, Full HD inatosha. Jihadhari na ujanja mumoja: kartoni inasema «1080p», lakini maana yake tele inapokea picha hiyo, wakati skrini yenyewe ni 1366 kwa 768. Omba muuzaji akuonyeshe namba za skrini, siyo za kartoni. Leta USB yako yenye mpira ao habari, kaa pembeni uone kama rangi zinabadilika, kisha weka picha nyeusi utazame kona kama zinavuja mwanga.

Occasion za Bulaya zinaweza kuwa nzuri. Ila plazma ya zamani, iache: inakula umeme mwingi, na makampuni makubwa yaliacha kuitengeneza karibu mwaka 2014. Kioo kikifa, hupati kingine.

Inabaki pesa. Mwaka 2025 mabenki ya muji yalifunga milango, na watu wengi wakabaki na likilimba, muso na pesa ya simu. Likilimba ya watu kumi, kila mutu dola 30 kwa mwezi, inakupa 300 siku ya zamu yako, bila faida. Ukipokea wa kwanza, umekopa. Ukipokea wa mwisho, umeweka akiba. Shida iko hapa: aliyepokea mapema akanunua tele, kisha mwezi wa tano akakosa 30, wanaoumia ni mama ambao zamu zao hazijafika, na pengine walikuwa wanangoja minerval ya watoto. Kama mapato yako hayana uhakika, omba zamu ya nyuma.

Kwenye muso, mukopo wa tele unatoka sanduku la kijani. Jekundu ni la magonjwa na matanga, tusiliguse. Fanya hesabu mbele: dola 200 kwa miezi sita, faida 5 kwa mia kila mwezi juu ya 200 yote, ni 60 zaidi. Tele imekuwa ya 260. Na kama unapata franka lakini deni ni la dola, uliza utalipa kwa taux ya siku gani.

Maduka mengine yanakubali uweke pesa kidogo kidogo mpaka itimie. Hapo dai karatasi yenye bei iliyokubaliwa, modeli, na kila kiasi ulichotoa pamoja na tarehe. Siku ya kuchukua, namba ya nyuma ya tele iandikwe kwenye garanti mbele yako, na tele iwashwe kabla kartoni haijafungwa.