Karatasi Hizi Zinarudi kwa Nani?

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika kiwanda kimoja cha kupasua mbao mkoani Iringa, nikigawa madodoso kuhusu usalama kazini. Kila mfanyakazi alipaswa kusoma kauli moja moja na kuchagua namba kati ya 1, yaani sikubaliani kabisa, na 5, yaani nakubaliana kabisa. Mpasuaji mmoja, ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa umebakiwa na vidole vitatu, alinikabidhi karatasi yake na kuniuliza kwa sauti ya chini: "Mwalimu, samahani, hizi karatasi zinarudi kwa nani?" Nilimjibu kuwa zinakwenda chuoni. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayeitikia jambo asiloliamini.

Jioni nilijumlisha alama. Wastani ulikaribia 5, na yule mpasuaji naye alikuwa amekubaliana kabisa kwamba uongozi unajali usalama kuliko uzalishaji. Kwa mujibu wa karatasi zangu, sikuwa nimewahi kufika mahali salama kama pale.

Nimelitafakari swali lake tangu siku hiyo, na ninaamini jibu lake limo katika historia. Nyanda hizi zina historia ndefu ya kumpima mfanyakazi, na fupi mno ya kumuuliza.

Kilichotangulia kupimwa ni mwili. Wazee wa Rungwe na Mbeya hawajaisahau Wenela, shirika lililoandikisha vijana na kuwapeleka katika migodi ya dhahabu ya Afrika Kusini. Kijana alikaguliwa afya kabla ya kusafirishwa, kwa kuwa mwajiri alitaka kujua kama mwili ungeihimili kazi. Nyumbani, sheria ya fidia ya mwaka 1949 iliweka jedwali la majeraha: kiungo hiki kikipotea ni asilimia kadhaa, kile kikipotea ni asilimia nyingine. Jedwali hilo lilikuwa na haki yake, maana mtu hakuachwa mikono mitupu. Hata hivyo, lilizungumza baada ya kidole kuanguka, wala halikuuliza ni nani aliyeona mapema kuwa kingeanguka.

Kisha ikapimwa mashine. Sheria ya viwanda ya mwaka 1950 ilimleta mkaguzi atazame boila, mikanda na vikinga vya mashine. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini mkaguzi huja siku moja na kuondoka, na kikinga kilichofungwa asubuhi ya ukaguzi kinaweza kufunguliwa jioni ili kazi iende haraka. Anayelijua hilo ni yule anayesimama mbele ya msumeno kila siku.

Mdomo ulipata nafasi yake kwa muda mfupi. Waraka wa Rais Namba 1 wa mwaka 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Februari 1971 TANU ikatoa Mwongozo, ambao kifungu chake cha 15 kilikemea viongozi wenye majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi walikisoma kifungu hicho kwa makini kuliko walivyotarajiwa. Migomo iliyofuata, ambayo Issa Shivji aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 1976, mara nyingi haikuwa ya mishahara, bali ya namna wakubwa walivyowatendea watu kazini. Kwa lugha ya wataalamu wa leo, wafanyakazi wale walikuwa wakitoa tathmini yao ya uongozi bila kusubiri dodoso. Dola haikuivumilia tathmini hiyo kwa muda mrefu, na baadhi yao waliipoteza kazi.

Tuzingatie sasa mfuatano wa nyakati. Viwanda vikubwa vya nyanda hizi, saruji ya Songwe na karatasi ya Mgololo, vilianza kazi katika miaka ya 1980, wakati sauti ya 1971 ilikwisha kufifia. Kisha ikaja miaka ya 1990 na ubinafsishaji, upunguzaji wa wafanyakazi, na ajira za vibarua wanaoitwa asubuhi na kulipwa jioni. Mfanyakazi wa kwetu aliingia kiwandani akiwa hajawahi kuona mwenzake akisema na kusikilizwa. Alichoona ni kwamba msemaji ndiye hutangulia kupunguzwa.

Mwaka 1980, mtafiti Dov Zohar alichapisha utafiti aliofanya katika viwanda 20 vya Israeli. Badala ya kuhesabu ajali tu, aliwauliza wafanyakazi wanavyouona usalama mahali pao, na akabaini kuwa jambo zito ni namna wanavyoutazama msimamo wa uongozi. Mfanyakazi huangalia msimamizi anafanya nini pale usalama unapogongana na haraka, kisha naye hufanya vivyo hivyo. Tangu hapo madodoso ya namna hiyo yameenea duniani, na ni chombo kizuri, kwa kuwa huonyesha hatari kabla ya damu kumwagika.

Lakini chombo hiki kinamtaka mjibuji aamini kuwa kujibu hakutamdhuru. Imani hiyo ikikosekana, dodoso hupima woga na kuuita usalama. Alama za juu na daftari la ajali lisiloandikwa kitu huweza kuwa ushahidi wa mahali pazuri, au wa mahali ambapo watu wamejifunza kunyamaza. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kazini kilio hakimfikii mficha maradhi peke yake. Humfikia pia aliyefichwa.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inatambua wawakilishi wa wafanyakazi katika masuala ya usalama. Huo ni mlango. Kuuingia kunahitaji mambo ya kawaida kabisa: karatasi zisizo na majina, zitumbukizwe katika sanduku lililofungwa badala ya mkononi mwa mgawaji, vibarua waulizwe sawa na walioajiriwa, asiyesoma asomewe na mtu asiye msimamizi wake, na matokeo yabandikwe ubaoni pamoja na kile ambacho uongozi umeamua kurekebisha. Hili la mwisho ndilo muhimu zaidi. Mtu aliyeona kauli yake imefunga kikinga cha msumeno atasema kweli mwaka unaofuata.

Mimi mwenyewe sikulifanya. Nilichukua karatasi, nikaandika makala, nikapata sifa za kitaaluma. Kiwandani hakikurudi kitu. Nilimwambia yule mpasuaji kuwa karatasi zinakwenda chuoni, na nilisema kweli. Jibu alilostahili ni kwamba zitarudi kwake.