Ubongo uliolala haujazimwa

Sisi waandishi wa programu hupenda kujisifu kwamba tumekesha. Hebu tuangalie historia kidogo.

Mwaka 1924, Jenkins na Dallenbach wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, waliwapa wanafunzi wawili silabi zisizo na maana wazikariri. Wakilala, walikumbuka nyingi zaidi kuliko wakikaa macho kwa muda ule ule. Maelezo yao: usingizi huzuia tu mambo mapya yasifunike ya zamani. Yaani mashine imezimwa, data imebaki salama.

Lakini mwaka 1994, Wilson na McNaughton walirekodi seli za ubongo wa panya. Zilizofanya kazi pamoja panya akitafuta chakula, zilifanya kazi pamoja tena alipolala. Kumbe ubongo hudurusu!

Na kusahau je? Mwaka 1983, Crick na Mitchison walipendekeza kwamba tunaota ili kufuta takataka. Mwaka 2019, watafiti Japani walizima seli fulani za panya wakati wa usingizi wa ndoto, na kumbukumbu zao zikaimarika. Inaonekana seli hizo huchangia kusahau.

Kwa hivyo ndugu msomaji, anayekesha hukosa yote mawili: kuhifadhi na kufuta. Hifadhi faili zako, ukalale.