Dagaa, Kitoweo cha Njia ya Misafara

Ndugu zangu tuliosoma Tabora, nani kati yetu hakuwahi kuwanung'unikia dagaa? Kumbe chakula hicho kina historia ndefu kuliko shule yetu.

Katika karne ya 19, mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Mtu wa namna hiyo hakuweza kuongeza chakula kizito. Kilichomfaa ni kikavu na chepesi. Unyamwezi ulikuwa na michembe ya viazi vitamu na nsansa, majani ya kunde yaliyoanikwa. Ziwa Tanganyika lilitoa dagaa, waliovuliwa usiku kwa mwanga wa moto, wakaanikwa mchangani. Kazi inayofanywa na kiwanda cha makopo, wazee waliiachia jua, bila malipo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma 1914. Magunia ya dagaa yakapanda behewa, yakawafikia wenye mishahara midogo.

Mapishi yenyewe ni rahisi: ondoa vichwa, osha kwa maji ya moto, kaanga na kitunguu na nyanya, kisha mimina karanga zilizotwangwa. Kibaba kimoja hushibisha nyumba nzima kwa ugali.

Lakini tusijisahau. Mwaka 2024, kuanzia Mei hadi Agosti, uvuvi ulisimamishwa ziwani kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Kitoweo cha mnyonge nacho huweza kwisha. Tulichokinung'unikia jana, leo tukitunze.