Theluji Hushikiliwa, Theluji Huangushwa

Mwaka 1397 watu wa Andermatt, katika milima ambayo leo ni ya Uswisi, waliandika hati ya kuulinda msitu ulio juu ya kijiji chao. Kukata mti kulikatazwa, hata kuchukua tawi, kwa kuwa miti hiyo ndiyo iliyoizuia theluji isiwashukie. Huko Rogers Pass nchini Kanada, Machi 1910, wafanyakazi wa reli walikuwa wakifukua njia iliyozibwa na poromoko la theluji, mara poromoko jingine likashuka kutoka mlima wa upande wa pili na kuua watu 58, wengi wao Wajapani. Kampuni ya reli ikaamua kupita chini ya mlima: handaki la Connaught likafunguliwa mwaka 1916.

Kijiji hakihami; treni hupita. Naona tofauti kubwa ya mapokeo haya mawili, ya Uswisi na ya Kanada, inaanzia hapo. Baada ya majira ya baridi ya 1950/51, yaliyoua karibu watu 100 nchini Uswisi, Waswisi walijenga safu juu ya safu za vizuizi vya chuma pale maporomoko yanapoanzia. Barabara kuu ilipopitishwa Rogers Pass mwaka 1962, Wakanada walikabidhi kazi mizinga ya jeshi: barabara hufungwa, theluji hupigwa, ikaanguka kwa saa waliyoichagua wao. Hata hivyo Waswisi nao hulipua, na barabara ya Rogers Pass ina mapaa ya zege.

Apandaye kwa ski mbali na barabara hana chuma wala mzinga. Ana taarifa ya hatari ya maporomoko. Pande zote mbili hutumia ngazi 5, lakini hazimsemeshi msomaji kwa namna moja. Taasisi ya utafiti wa theluji iliyo Davos, Uswisi, hutaja mwinuko kwa mita na pande za mlima zenye hatari. Wakanada hupima kwa miti: juu ya mpaka wa miti, karibu nao, chini yake.

Theluji yenyewe haifuati mipaka ya nchi. Pwani ya Kanada theluji ni nyingi na nzito, hushikana upesi, na hatari yake huwa kali zaidi wakati wa dhoruba na muda mfupi baadaye. Huko Colorado, Marekani, mbali na bahari, theluji ni nyembamba, chini ya anga safi na baridi kali. Ardhi hubaki karibu na nyuzijoto 0 huku uso wa theluji ukiwa na baridi zaidi sana. Mvuke hupanda kati ya punje, nazo hukua na kuachana kama sukari. Davos, ndani ya Alpi, huyajua sana haya. Kwa hiyo mtabiri wa Davos huenda akaielewa theluji ya Colorado upesi kuliko mtabiri atokaye pwani ya Kanada.

Tabaka la namna hiyo likifunikwa Desemba, laweza kuvunjika Februari kwa uzito wa mtu mmoja, siku ya jua, mahali ambapo wengine wamekwisha kupita salama. Hapo ushauri wa Davos na wa Colorado hukutana: kaa mbali na miteremko yenye mwinamo unaozidi nyuzi 30, na usipite chini yake.