Je, Risasi Iliyopakwa Mafuta Hupiga Vema Zaidi?

Tarehe 22 na 23 Juni, 1915, mji wa Bukoba ulishambuliwa. Majeshi ya Waingereza yalivuka Ziwa Viktoria kwa meli kutoka Kisumu, yakashuka kaskazini ya mji, na kusudi lao kubwa lilikuwa kuuvunja mlingoti wa simu ya upepo ambao Wadachi waliutumia kupelekeana habari. Mlingoti ulivunjwa, na majeshi yakarudi melini.

Leo hatutasimulia vita vile vyote. Twataka kuuliza jambo ambalo wapiga shabaha wangali wakibishana juu yake: je, risasi iliyovikwa kitu au kupakwa mafuta huenda sawasawa zaidi kuliko iliyo tupu?

Bunduki za kwanza zilizofika nchi za Wahaya, kuanzia Bukoba hata Ihangiro ambayo leo imo katika Wilaya ya Muleba, zilikuwa za kushindiliwa kwa mdomo, ndizo tuziitazo magobole. Kigololi cha gobole kilikuwa chembamba kuliko mtutu, kwa hiyo moshi na nguvu vilipenya pembeni. Katika nchi nyingi watu walikizungushia kitambaa chenye mafuta ili kijaze nafasi ile. Hapo hapana ubishi: kitambaa kilisaidia kweli.

Sasa tuitazame bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wadachi katika Afrika ya Mashariki walikuwa wangali wakiishika. Risasi yake ilikuwa nene, milimita 11, yenye uzito wa gramu 25 hivi, nayo ilifanywa kwa madini laini ya risasi. Madini hayo yakisuguana na chuma huacha utando ndani ya mtutu, na utando huo huharibu shabaha. Basi mafundi waliivika risasi karatasi, na nyuma yake, ndani ya ganda, wakaweka kidonge cha nta. Karatasi ilizuia madini yasigusane na chuma. Nta ililainisha masizi ya baruti. Askari aliweza kupiga mara nyingi kabla mtutu haujachafuka.

Lakini karatasi na nta havikuweza kuuficha moshi. Baruti nyeusi ilitoa wingu jeupe kila mara, na adui akajua mpigaji yuko wapi. Aliyepiga vema kwa bunduki ile alijionyesha palepale, na hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko faida yote ya nta.

Baruti isiyo na moshi ilivumbuliwa Ufaransa mwaka 1884. Ilisukuma risasi kwa kasi mno, hata madini laini yasingestahimili. Ndiyo maana risasi za namna mpya zilivikwa koti la shaba au la shaba na nikeli, kama zile za bunduki za Waingereza waliopigana Bukoba. Koti hilo si mafuta, ila kazi yake ya kwanza ni ileile ya karatasi. Lakini nalo huacha madoa mtutuni. Huko Marekani wapiga shabaha walijaribu kuchovya risasi hizo katika mafuta mazito. Madoa yalipungua, lakini mafuta yaliyoingia shingoni mwa ganda yaliibana risasi, nguvu ikazidi kipimo, na hatari ikawa kubwa. Mwaka 1921 desturi hiyo ilipigwa marufuku katika mashindano yao.

Katika miaka ya 1990 kikaja kilainisho kingine, unga mweusi wa molibdeni na kibiriti. Waliopima waliona kwamba msuguano hupungua, nguvu ndani ya mtutu hupungua, na kasi ya risasi nayo hupungua. Mpigaji hana budi kuongeza baruti kidogo ili airudishe. Kwa bunduki nyingi mtutu hukaa safi muda mrefu zaidi. Lakini matundu kwenye shabaha hayakukaribiana zaidi kwa bunduki zote. Sisi twaona kwamba anayenunua unga huo ili apunguze kazi ya kusafisha ana sababu. Anayeununua ili mkono wake uache kutetemeka amepoteza fedha.

Askari wa King's African Rifles waliokuwamo katika safari ya Bukoba walitumia bunduki ya .303. Baada ya kupiga, mtutu wa bunduki ile ulimiminiwa maji ya moto ili chumvi ya fataki itoke, ukakaushwa, kisha ukapitishwa kitambaa chenye mafuta ili usishike kutu. Na kabla ya kupiga tena mafuta hayo yalifutwa, kwa kuwa mtutu wenye mafuta huipeleka risasi ya kwanza mahali pengine.